Wa Mwisho Kunywa

Mliniacha nimesimama mbele ya droo ya mochwari, mkono mdomoni, na juma zima hakuna aliyekuja kuniondoa. Basi bado nipo hapo hapo. Droo iko wazi. Mke wangu amelala ndani yake, na harufu inayomtoka si yake.

"Hii harufu ya nini?" nikamuuliza mtunza maiti.

"Dawa, mzee wangu. Amepigwa dawa asubuhi. Sasa hata akikaa mwezi haharibiki."

"Nani kasema apigwe dawa?"

"Wenyewe."

"Wenyewe ni nani? Mwenyewe ni mimi!"

Akajikuna kisogo. "Walikuja watu wa kiwandani, pamoja na mdogo wake marehemu. Kiwanda kimegharamia kila kitu. Hata jeneza, lile zuri la vishikio vya kung'aa. Mimi nikajua mnashukuru."

Nikaiacha droo wazi, nikatoka kumtafuta huyo mdogo wake.

Aliyeokota gazeti hili leo, pengine limefungia sabuni, na ajue haraka tulikotoka. Mke wangu alikuwa kiongozi wa mstari kwenye kiwanda cha kushona nguo. Alitoka nyumbani asubuhi mzima, anacheka. Wakamrudisha mchana kwenye gari la kubebea majora, ameshatapika mpaka hana tena cha kutoa, mikono inatetemeka kama ya mlevi. Wamembadilisha nguo. Wamemvalisha gauni jipya la kiwanda, bado lina lebo shingoni. Maisha yake yote alishona magauni yale na hakuwahi kuvaa hata moja. Alilovaa la kwanza ndilo alilofia.

Aliniambia neno moja tu: "Mume wangu, moyo unashona wenyewe. Sijakanyaga pedali."

Jua halijazama, ameshakwenda.

Hospitali wakasema moyo umesimama. Moyo umesimama! Maiti gani moyo wake unatembea? Hata aliyeliwa na mamba moyo wake umesimama. Lakini ndivyo walivyo wasomi wetu, wakichoka kufikiri wanakueleza ulichokwisha kukiona kwa macho yako.

Kiwanda nacho kikatoa pole. Na pole yenyewe ilikuwa hii: cherehani ya mama wakampa binti yangu.

Binti huyo ndiye wa kwanza, na adabu yake mpaka inaudhi. Ukimpa kiti anatafuta wa kumpisha. Nilimsihi asiende, nikamwambia kule kuna kitu kinaua. Akanijibu pole pole, huku anawafunga wadogo zake vifungo vya mashati ya shule.

"Baba, hawa watakula maneno? Wewe viatu unavyoshona havitoshi hata wao kuvaa. Niletee neno la daktari kwamba kilichomuua mama kimetoka kule. Siku hiyo hiyo naacha kazi."

Neno la daktari. Hilo tu. Ndilo lililonipeleka mochwari: mpasuaji achukue damu ya mke wangu, aipime, aseme, na mimi nikamtoe mwanangu kwenye ile cherehani akiwa hai. Sasa damu imeshafukuzwa mwilini kwa dawa, na mwanangu muda huo alikuwa kazini.

Nikamkuta shemeji yangu kwenye ukumbi wa nje, amefunga tai.

"Shemeji, wewe ndiye uliyekubali dada yako apigwe dawa?"

"Shemeji, punguza sauti. Tuko mbele za watu."

"Watu gani? Hawa wote wamekufa!"

Akaninyooshea kiganja kama askari wa barabarani. "Mimi nimefanya kwa heshima ya dada. Msimamizi alikuja kwangu mwenyewe, shemeji. Mwenyewe! Akakaa kwenye kiti changu kibovu, akanywa maji yangu. Watu wakubwa namna ile hawaji kwa mtu hivi hivi."

"Kweli. Hawaji hivi hivi. Amekuahidi nini?"

Akashika tai. "Kuna nafasi ya ukarani. Lakini si kwa sababu hiyo..."

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimevaa tai.

Msimamizi mwenyewe wafanyakazi humwita Tia-Bidii, kwa kuwa mdomoni mwake hamna neno lingine. Mwanamke akiomba kwenda msalani, tia bidii. Akisema mgongo unamkatika, tia bidii. Siku mke wangu anaanguka kati ya cherehani mbili, nimeambiwa alisema, "Msogezeni. Nyie wengine, tieni bidii." Na mtu huyo mkubwa wake akamtuma anunue jeneza la vishikio vya kung'aa! Mkubwa gani hununulia fundi jeneza zuri, na kiti cha kukalia akishona hakumnunulia?

Mlango ukafunguliwa. Akatoka daktari mpasuaji, mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa uzi.

"Wewe ndiye mume?"

"Ndiye mimi, daktari."

"Nimemwona. Damu haina kazi tena. Imechanganyika na dawa. Nikiipima itanidanganya, na mimi nitakudanganya wewe."

Nikakaa chini, pale pale sakafuni. Sikuona haya.

"Nguo alizotapikia ziko wapi?" akauliza. "Kitambaa kinatunza. Kikikauka ndiyo kinatunza zaidi, tone likiganda pale tunaweza kulifufua."

"Walizirudisha. Zimefuliwa."

"Zimefuliwa?"

"Na kupigwa pasi. Na kukunjwa."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Nikaona taya lake limebana. Yule mama alikuwa amenielewa.

"Basi bado pamebaki mahali pamoja," akasema. "Jicho."

"Unasemaje?"

"Dawa ya kuhifadhi maiti inapita kwenye mishipa. Jicho ni kama chumba kilichofungwa mlango, dawa inachelewa kuingia. Kilichokuwa kwenye damu yake akiwa hai, kwenye maji ya jicho bado kipo. Lakini leo. Kesho siahidi."

"Utamng'oa jicho mke wangu?"

"Simng'oi kitu. Sindano nyembamba. Nikitoa maji yale natia mengine, hata wewe hutajua."

Nikaiangalia droo kupitia mlango aliouacha wazi. Jicho lile lilikuwa likinitazama nikidanganya, na midomo ikanyamaza. Jicho lile lilikuwa likitunga uzi kwenye sindano gizani, umeme wa wakubwa ukikatika.

"Chukua," nikasema. "Angekuwa hai angekupa mwenyewe."

"Mnamtoboa dada yangu macho!" shemeji akapiga kelele.

"Wewe umemjaza dawa mwili mzima, shemeji. Mimi natoa tone. Tulia."

Daktari akaingia, mlango ukafungwa.

Mnadhani majibu yalitoka kesho yake? Hamuijui nchi ya wenye funguo. Mashine ya kupimia ilikuwepo, imefunikwa shuka jeupe kama bibi harusi. Aliyeshika ufunguo wa chumba alikuwa kwenye semina. Semina ya nini? Ya kuharakisha huduma.

Nikawa nakwenda na kurudi. Sanduku langu la viatu nikaliacha kwa jirani, wateja wakatembea na soli zimefunguka midomo. Na kila asubuhi nikasimama mlangoni, nikamzuia binti yangu kwa mikono miwili kama mlinda goli.

"Umepata neno la daktari?"

"Bado, lakini..."

"Basi nipishe, baba. Oda ya ng'ambo inaondoka wiki hii, nikichelewa wananikata."

Asubuhi moja nikaiona mikono yake akifunga kamba za viatu. Ilikuwa inatetemeka.

"Una nini mikononi?"

"Uchovu tu."

"Mama yako naye alisema uchovu!"

"Baba." Akanibusu kwenye paji la uso, mimi ndiye nikawa mtoto. "Niletee neno."

Akapita chini ya mkono wangu, akaenda zake.

Siku hiyo hiyo daktari akaniita. Nilipofika chumbani kwake alikuwa amesimama, na daktari akisimama ujue kiti hakimtoshi kwa anachokijua.

"Kaa, baba."

"Nimesimama vizuri."

"Kaa."

Nikakaa.

"Kafeini," akasema.

"Ndiye nani huyo?"

"Si mtu. Ni kile kitu kilichomo ndani ya chai na kahawa, kinachofukuza usingizi. Mke wako alikuwa mnywaji?"

"Chai ilimpa kiungulia. Tangu namwoa ni mtu wa maji."

"Nilijua utasema hivyo." Akaketi na yeye. "Mtu anayekunywa chai kutwa, ukimpima utaikuta, kidogo, kama chumvi kwenye mchuzi. Kwa mke wako nimekuta chumvi, mchuzi hakuna. Nilidhani mashine imerukwa na akili. Nikarudia kwa njia nyingine. Jibu likawa lile lile. Hiyo si chai, hiyo si kahawa. Tumbo lingepasuka kabla hajafika pale kwa vikombe. Huo ulikuwa unga wenyewe, mweupe, mtupu. Kijiko kimoja cha supu kinamlaza mtu mzima asiamke."

"Unafanya nini mwilini?"

"Unatapisha, unatetemesha. Halafu moyo unakimbia, unakimbia, mpaka unapoteza hesabu."

"Unashona wenyewe," nikasema.

"Umesemaje?"

"Ndivyo alivyoniambia. Moyo unashona wenyewe, na hajakanyaga pedali."

Daktari akachukua kalamu, akayaandika maneno hayo.

"Angepona?" nikauliza. Swali hilo nilikuwa nimelimeza siku zote, likanitoka lenyewe.

"Angefikishwa mapema, na anayemfikisha akasema kweli amekunywa nini, tungepigana. Lakini hapo ni dakika, baba, si masaa."

Wao walipoteza dakika zile wakimvalisha gauni jipya.

Nikasimama. "Basi nimelipata neno. Namfuata mwanangu."

"Mtoe, hata sasa hivi. Lakini nisikilize kwanza. Kiwanda kimeshawatuma watu wao polisi. Wanasema mstari mzima ulikunywa kwenye ndoo moja, na wote ni wazima. Kama ni sumu, wanasema, basi alilishwa kwake. Asubuhi ile nani alimpikia?"

"Mimi."

"Unaona? Mwili unasema alikunywa nini. Hausemi alinyweshwa na nani. Niletee kinywaji chenyewe. Hata tone. Bila hicho watamwachia msimamizi na watakufunga wewe, na binti yako atarudi kwenye cherehani kwa kuwa hana pa kwenda."

Nilitoka pale mbio. Mzee wa umri wangu kukimbia barabarani ni kichekesho, na watu walicheka. Hata kondoo wa jirani yetu angecheka.

Mbele ya geti la kiwanda kuna kibanda cha vocha. Chini ya kivuli chake alikaa mwanamke mmoja, mikono ameificha kwapani. Nilimjua, alikuja msibani kwetu. Kazi yake kiwandani ni vifungo.

"Dada, mbona uko nje saa za kazi?"

"Kanitoa Tia-Bidii. Kasema nikapunge upepo." Akaitoa mikono kwapani. Ilikuwa inacheza kama majani. "Leo nimeshona vifungo vitatu kwenye tundu moja."

"Mnakunywa nini humo ndani?"

Akatazama geti, akanisogelea. "Sharubati ya nguvu. Oda ikikaribia analeta ndoo. Maji ya bomba, sukari, limau, na unga wake mweupe wa kwenye mfuko. Anakoroga kwa ile rula ndefu ya kukatia vitambaa. Anasema glukosi. Ukinywa, usingizi kwisha, mgongo huusikii. Mikono ndiyo hivi."

"Na wote mnakunywa?"

"Nani akatae, kaka? Asiyekunywa si wa mstari. Na ndoo isirudi na kitu, ndiyo sheria yake. Anasimama pale, mkono kiunoni, mpaka aone chini ya ndoo."

"Sasa mbona akafa mke wangu peke yake?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa njia ya kwake.

"Kaka, wewe mkeo humjui? Si yeye aliyekuwa anagawa? Kata mkononi mwake, anatupa wote, yeye wa mwisho. Mkubwa jalala, ndiyo kauli yake. Siku ile ndoo ilibaki na mashapo meupe, mazito kama uji. Tukamtania: aa, kiongozi, sukari yote umejibakizia! Akacheka. Akatia maji kidogo, akakoroga kwa kidole, akanywa. Akakunja uso, akasema limau gani hii chungu namna hii? Tia-Bidii akamwambia, maliza. Akamaliza."

Mimi ni fundi viatu. Rangi ya unga ukiitia kwenye maji baridi, juu inabaki maji, rangi inakwenda kulala chini. Ukitaka iyeyuke lazima uchemshe. Nilijua hilo tangu nina meno ya utoto. Na watu wenye ofisi, wenye viyoyozi, hawakutaka hata kuwasha jiko! Mstari mzima ulikunywa maji ya juu. Mke wangu aliinywa ndoo yenyewe.

Halafu wazo jingine likanipiga, nikashika nguzo ya kibanda.

"Dada. Na sasa hivi nani anagawa?"

"Hujaambiwa?" Akatabasamu, masikini, akidhani ananipa habari njema. "Tulimpa mtoto. Tulikaa wote tukasema kata ya mama yake isishikwe na mwingine. Kwa heshima. Na ana adabu yule! Kama mama yake kabisa. Hatii mdomoni kabla ya..."

Ndani ya kiwanda kengele ikalia.

"Hiyo ya nini?"

"Ndoo," akasema. Na tabasamu likamtoka usoni.

Geti lina mlinzi, na mlinzi ana rungu.

"Mzee, saa ya kazi hakuna kuingia."

"Mwanangu yumo ndani!"

"Kila mmoja ni mwana wa mtu. Rudi jioni."

Mungu akaleta gari la majora. Geti likafunguliwa, nikajipitisha kati ya tairi na ukuta, nikasikia rungu linapiga bati mahali kilipokuwa kichwa changu. Nikaingia ukumbini.

Ingieni siku moja mle, ninyi mnaosaini vibali. Cherehani zimepangwa kama makaburi, kelele zake zinameza sauti ya mtu mzima akilia. Niliita jina la mwanangu mara ngapi? Hakuna aliyegeuka. Nikamwona mbali, mwisho wa mstari, ameinamisha ndoo juu ya kikombe cha bati. Ilitoka taratibu, nzito, nyeupe. Akaiweka ndoo chini. Akainua kikombe.

Nilimfikia ameshakitia mdomoni. Nikakidaka.

"Baba! Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Umekunywa?"

"Nimeanza tu. Baba, jamani..."

Kikombe kilikuwa bado na zaidi ya nusu. Chini yake ule uji mweupe ulikuwa unazunguka.

Tia-Bidii akaja, mnene, msafi, kalamu sikioni. "Nani kamruhusu huyu? Mzee, tunakuheshimu kwa msiba wako, lakini hapa ni kazini. Tia bidii utoke."

"Hiki ni nini?"

"Glukosi."

Nikamsogezea puani. "Basi kunywa."

Cherehani moja ikanyamaza. Ikafuata ya pili. Zikawa zinanyamaza moja baada ya nyingine mpaka ukumbi mzima ukawa kimya, na wanawake wote wametugeukia.

"Kunywa," nikasema tena. "Kidogo tu. Kwa heshima ya marehemu uliyemnunulia jeneza."

Akacheka, meno tu. "Mimi nina kisukari, mzee. Daktari kanikataza vitamu."

"Juzi tuligawana keki ofisini kwako," sauti ya mwanamke ikasema kutoka nyuma. Hakuna aliyecheka.

Hapo nikasikia vidole vya mwanangu vinanibana mkono. Vilikuwa vya baridi, na vimelowa.

"Baba," akasema. "Hicho ni cha pili. Leo zimekuja ndoo mbili. Ya asubuhi pia niliimaliza mimi."

Nikamwangalia. Midomo yake ilikuwa imepauka, na shingoni mshipa unaruka kama umefungiwa ndege.

"Baba. Unashona wenyewe."

Sikumjibu. Nikampitisha mkono kiunoni, mkono wa pili nimeshika kile kikombe, tukaenda. Akatapika mlangoni, nikamwinua. Uani jua lilikuwa kali. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na Tia-Bidii, ambaye sijapata kumwona anakimbia, alikuwa ametutangulia. Ufunguo uko mkononi mwake.

"Fungua!"

"Nitafungua. Hata gari la majora nitakupa, likupeleke hospitali mpaka mlangoni." Akashusha sauti, ikawa tamu kama sharubati yake. "Kimwage hicho kikombe kwanza."

"Mtoto anakufa!"

"Ndiyo maana nasema kimwage, mzee. Mimi sina haraka."

Dakika, si masaa. Mwanangu aliniegemea, uzito wake unaongezeka. Kile kikombe kilikuwa ndicho kila kitu: mke wangu alikuwemo ndani yake, na kweli yake, na jina langu, na wanawake wote wa mstari ule waliokuja mlangoni na kusimama bila kuthubutu. Na mwanangu alikuwa mmoja tu.

"Kimwage, nifungue."

Nikakimwaga.

Nikakimwaga kifuani pangu. Chote, mpaka mashapo. Yakaniteremka kwenye shati, yakaingia kwenye kitambaa, uji mweupe ukaganda kwenye vifungo. Nikakitupa kikombe miguuni pake, kikagonga ardhi, kitupu.

Tia-Bidii akaangua kicheko. "Ona mzee, mikono inamtetemeka, anajimwagia kama mtoto mchanga!" Akatia ufunguo. Mnyororo ukaanguka. Geti likalia.

Nikambeba mwanangu mgongoni, kama nilivyombeba zamani akikataa kutembea. Nikatoka. Hatua chache nje ya geti, dereva wa gari la majora, aliyeshashusha mzigo akatoka, ameshawasha injini, ananipungia mkono niharakishe. Yule mama wa vifungo ameshafungua mlango wa gari, mikono yake inacheza kwenye kitasa.

Nyuma yangu kicheko kikakatika. Kikakatika ghafla, kama uzi.

"Mlinzi!" Tia-Bidii akapiga yowe. "Shati! Mvue huyo mzee shati!"

Nikakimbia. Nikasikia viatu vinakuja. Mkono ukanikamata ukosi kwa nyuma, ukavuta, na kifungo cha kwanza kikaruka.

Na mgongoni pangu, mwanangu akaacha kutetemeka.